"Ajali haina kinga" si neno la kumwambia mzazi

Barabara inayotoka lango la bandari ya Mombasa hupanda Mariakani, ikapita Voi, Nairobi, Nakuru na Eldoret, na baada ya zaidi ya kilomita 900 huishia Malaba, mpakani na Uganda. Madereva wetu wa masafa marefu, watu wa Changamwe, Jomvu na Miritini, wanaijua Malaba na jirani yake Busia kama wanavyoijua Kongowea. Kati ya miji hiyo miwili, kilomita chache kutoka Busia, kuna mahali paitwapo Alupe. Wengi wetu huku Pwani tulilisikia jina hilo mwaka 2020 wakati wa korona, kwa sababu maabara ya KEMRI iliyoko pale ilikuwa ikipima sampuli za madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka.

Lakini Alupe ilijulikana zamani kwa jambo jingine: hospitali ya ukoma. Katika siku hizo ukoma ulionekana na watu wengi kuwa laana. Mgonjwa alitengwa, na jamaa zake wakainamisha vichwa wakisema ndivyo ilivyoandikwa. Kumbe mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alikuwa ameshagundua kijidudu kinacholeta ugonjwa huo, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya dawa mchanganyiko ambayo huuponya. Kilichoitwa laana kikaonekana kina sababu. Na chenye sababu huweza kuzuiliwa.

Nimeanza na ukoma kwa makusudi. Leo, Alupe kama Likoni, mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, akinywa mafuta ya taa au akigongwa na gari linalorudi nyuma, jirani huja kumpa pole mama na kusema: "Ajali haina kinga." Ni neno la huruma, wala msemaji hana nia mbaya. Lakini si kweli kwa ajali nyingi za watoto wadogo, na kila tukilisema tunaifunga kesi kabla ya kuichunguza.

Kadari na kufunga ngamia

Sisi Waislamu tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini dini hiyo hiyo ina hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Jibu lilikuwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na katika hadithi nyingine mashuhuri tumeagizwa tuzime taa tunapolala, tufunike vyombo na tuwazuie watoto ndani giza linapoingia. Sababu ya kuzima taa ilielezwa waziwazi: panya anaweza kuuvuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Huo ni usalama wa nyumbani, uliofundishwa takriban miaka 1,400 iliyopita.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti kubwa kuhusu watoto kuumia. Walihesabu kwamba zaidi ya watoto 2,000 hufa kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa, na asilimia 95 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sababu kuu walizozitaja ni tano: barabara, kuzama majini, kuungua, kuanguka na sumu. Hebu tulitafakari hilo. Kama ajali ingekuwa haina kinga hata kidogo, watoto wa Sweden na watoto wa Busia wangeumia sawasawa. Hawaumii sawasawa. Tofauti yao ni jinsi nyumba, barabara na magari yao yalivyopangwa.

Kukemea hakutoshi

Wengi wetu tunalea kwa kukemea. "Usiguse!" "Toka hapo!" Mtoto wa mwaka mmoja na nusu husikia sauti, akaacha kwa dakika moja, kisha akarudi. Si ukaidi. Ubongo wake bado haujaweza kuihifadhi hatari na kuikumbuka wakati mkono unapotaka kushika. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini methali hiyo ni ya mtoto mkubwa anayeweza kujifunza kwa kukatwa kidogo. Sufuria ya maji yanayochemka haimfunzi mtoto, humlaza hospitalini.

Kinachofanya kazi ni kuipanga nyumba kulingana na kimo cha mtoto. Mfano mzuri unatoka Afrika Kusini. Huko watoto wengi walikuwa wakinywa mafuta ya taa. Familia zilipogawiwa vyombo vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, visa vya sumu hiyo vilipungua kwa karibu nusu. Watoto walikuwa wale wale na wazazi wale wale. Kilichobadilika ni kifuniko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fanya jambo moja leo. Piga magoti mlangoni mwa nyumba yako, uwe na urefu wa mtoto wako, kisha tazama mbele. Utaona waya wa birika unaoning'inia, kisu ukingoni mwa meza, ndoo iliyojaa, chupa chini ya kabati. Hiyo ndiyo ramani ya ajali ambazo bado hazijatokea.

Jikoni

Watoto walio chini ya miaka mitano huunguzwa zaidi na vitu vya majimaji vyenye moto kuliko na moto wenyewe: chai, uji, maji ya kuoga, mafuta ya kukaangia. Vijijini karibu na Alupe, kama Kwale na Kilifi, wengi hupikia mafiga matatu chini au jiko la makaa. Jiko la chini liko usawa wa kifua cha mtoto anayetambaa.

Liinue jiko likiwezekana. Kama haiwezekani, weka kizuizi: mbao mlangoni mwa jiko, au uzio mdogo wa fito ambao mtoto hawezi kuupita. Mkono wa sufuria uelekee ukutani. Chupa ya chai isikae juu ya kitambaa cha meza ambacho mtoto anaweza kukivuta. Usibebe mtoto na kikombe cha moto kwa pamoja. Na unapochanganya maji ya kuoga, tangulia kutia ya baridi, kisha ya moto, ili mtoto akitumbukia kabla hujamaliza asikute beseni linalounguza.

Chupa ya soda

Mafuta ya taa, dawa ya kuulia panya, dawa ya kunyunyizia shamba, maji ya betri, jiki: kosa letu kubwa ni kuvitia vitu hivi katika chupa za soda na za maji. Mtoto anaijua chupa ya soda, na anajua ndani yake mna kitu kitamu. Acha sumu katika chombo chake cha asili, kilichofungwa, juu kabisa na penye kufuli. Dawa za hospitali nazo zisiitwe peremende ili mtoto akubali kuzimeza. Kesho atazitafuta mwenyewe. Angalia pia zile betri ndogo za mviringo mfano wa sarafu, za rimoti na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuanza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Hapo usingoje, mkimbize hospitali.

Mpakani kuna hatari ya ziada. Miji kama Busia na Malaba imezoea petroli inayouzwa kwa jerikeni na chupa, na mingine hulala ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kulifuata jiko lilipo. Mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli, hata kidogo, yanaweza kuilipua kandili. Na tukumbuke Malanga, katika Kaunti ya Siaya, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kisumu kwenda Busia. Julai 2021 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaenda kuteka, moto ukawaka. Wasiopungua 13 walifariki, na wengine wengi, wakiwemo watoto, wakaungua vibaya. Lori la mafuta likianguka, kazi ya mzazi ni moja tu: kukimbia na watoto upande ule upepo unakotoka.

Maji

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tukisikia kuzama tunafikiria bahari, au Ziwa Viktoria kule Sio Port. Lakini mtoto mdogo anaweza kufa katika ndoo yenye maji ya kina cha kiganja. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake. Akiinama akaingia, hawezi kujiinua. Na hapigi kelele. Kuzama ni kimya.

Huku Pwani, ambako maji ya mfereji huja na kukatika, kila nyumba ina mapipa na ndoo. Kule bara kuna visima, na mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali ambayo hujaa wakati wa mvua. Dawa ni ile ile: funika. Pipa liwe na kifuniko kizito, kisima kiwe na ukuta na mlango, shimo lizungushiwe uzio au lifukiwe. Bangladesh walikwenda hatua zaidi. Walianzisha vituo vya kijiji vya kuwaangalia watoto asubuhi, saa ambazo mama yuko shughulini na ndipo watoto wengi huzama. Vifo vilipungua mno. Wanawake wa soko la Busia na wa Kongowea wanahitaji kitu kama hicho kuliko wanavyohitaji hotuba.

Kivuli cha lori

Mtoto wa Jomvu na mtoto wa Alupe wanashiriki jambo moja: wote wanacheza karibu na lori lililoegeshwa. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu malori hupanga kandokando ya barabara, jua linawaka, na kivuli cha tela ni pahala pazuri pa kuchezea. Dereva aliyeketi juu hawezi kumwona mtoto aliyesimama mbele kabisa ya bampa, wala aliye nyuma ya magurudumu. Naye anaposikia foleni imesogea, huwasha na kuondoka.

Kwa madereva wetu, ombi ni dogo: lizunguke lori kwa miguu kabla ya kuwasha, kila mara. Turnboi ashuke. Kwa wazazi: mtoto ambaye hajaingia shule asiwe nje peke yake pale gari linapopita au kugeuka, hata kama ni uani kwenu na gari ni la babake. Gari dogo nalo lina upofu wake nyuma.

Mkono si mkanda

Sasa tuingie ndani ya gari. Kati ya Busia na Malaba wengi husafiri kwa Probox, na mara nyingi hubebwa zaidi ya idadi inayotakiwa. Mtoto huwekwa pajani, au hutupwa buti na mizigo. Huku kwetu matatu ya Ukunda au Malindi haina tofauti. Mama humkumbatia mwanawe na kuamini kwamba mapenzi yake yanatosha kumshikilia.

Tupige hesabu. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, kishindo ni kama cha kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Likiwa kilomita 80 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka mita 25, yaani kilele cha mnazi mrefu. Hakuna mama anayeweza kuanguka kutoka mnazini na bado akawa amemshika mtoto. Katika kishindo cha kilomita 50, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvutwa mbele kwa nguvu ya mara 20 hadi 30 ya uzito wake. Hiyo ni sawa na magunia mawili au matatu ya mahindi. Mkono haushiki.

Vibaya zaidi ni kujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto pajani. Gari likigonga, mwili wako ndio unaombana mwanao kwenye mkanda.

Wenye magari yao wapate kiti cha mtoto. Viti hivyo hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa takriban asilimia 70. Mtoto mchanga akae akitazama nyuma, katika kiti cha nyuma cha gari. Kamwe usimweke hivyo mbele ya begi la hewa, maana likifumuka linaweza kumuua. Kiti cha mtumba hakina ubaya, mradi hakijapata ajali na mikanda yake ni mizima. Mtoto akikua, apate kiti cha kumwinua mpaka mkanda wa gari upite begani na nyongani, si shingoni wala tumboni. Milango ya nyuma ya magari mengi ina kijiswichi ukingoni cha kuzuia isifunguliwe kutoka ndani. Hakina gharama, kisukume tu.

Asiye na gari naye ana la kufanya. Katika matatu au Probox, mlipie mtoto kiti chake akiwa ameshaweza kukaa mwenyewe, mfunge mkanda wake, na ukatae buti. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilitupa mikanda kwenye magari ya abiria. Ni haki yetu kuidai, hata utingo akinuna.

Bodaboda ni mtihani mkubwa zaidi. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, naye avae helmeti. Asubuhi tunaona wanafunzi wanne juu ya pikipiki moja, wa mbele kakaa juu ya tangi. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana na dereva mmoja wanayemjua, safari mbili badala ya moja, helmeti za kuwatosha watoto. Kama shule si mbali, kwenda kwa miguu wakiwa kundi na mtu mzima mmoja ni salama kuliko hilo.

Na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata "nanunua mkate tu." Juani joto la ndani linaweza kupanda kwa digrii 10 katika dakika 10.

Akishaumia

Aliyeungua, mmwagilie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, tumia kata na ndoo. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Vyote hushikilia joto na kuleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Mpeleke haraka pamoja na chupa yenyewe.

Aliyezama na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anza kumpulizia pumzi mdomoni papo hapo, huku wengine wakitafuta usafiri. Aliyeanguka kwa kichwa kisha akatapika tena na tena, akasinzia isivyo kawaida au akashikwa na degedege, asisubiri asubuhi.

Yasiyo ya mzazi peke yake

Si haki kumwachia mama kila kitu. Kikomo cha mwendo mijini Kenya ni kilomita 50 kwa saa, lakini Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilipendekeza kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika, kama mbele ya shule. Matuta na vivuko mbele ya shule za barabara ya Busia na Malaba, na za barabara ya Mombasa na Malindi, ni kazi ya serikali. Maegesho ya malori yaliyo mbali na nyumba za watu pia ni kazi ya serikali, na kaunti ziulizwe.

Tunao pia wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliopewa mikoba yao ya kazi Septemba 2023. Huingia nyumba kwa nyumba kuulizia chanjo na homa. Waongezewe maswali manne tu: Jiko liko wapi? Sumu iko wapi? Maji yamefunikwa? Mtoto husafiri vipi? Na maimamu wetu wapo. Hadithi ya taa na ile ya ngamia zinafaa hutuba ya Ijumaa yoyote.

Jirani yako akipatwa, nenda kampe pole, mshike mkono, umwombee mwanawe afya. Hapo si pahala pa kulaumu. Lakini ukirudi kwako, kabla hujaketi, iondoe chupa ile chini ya kabati.